Majani Aliyokatazwa Kunjalata

Uzan Bazar, Guwahati
12 Mei 1978

Mwanangu Kunjalata, Moina wangu,

Barua yako ilinikuta naanika nguo, nikaisomea pale pale kambani, na kwa jinsi nilivyolia majirani walidhani nimefiwa. Una mimba! Baada ya ile ya mwaka juzi kuharibika nilikuwa nimeacha hata kuuliza, nisije nikakutonesha. Safari hii hatufanyi mchezo. Utazaa, tena utazaa mtoto mzima.

Sasa nisikilize. Najua huyo mama wa mumeo hatachelewa kukuandikia, maana kuchelewa hakujui, kama asivyojua kunyamaza. Mimi namheshimu kwa sababu ni mama wa mumeo, sina sababu nyingine. Siku ya harusi yenu alisimama na tambuu shavuni akizungumza na marafiki wa marehemu baba yako, huku akitema pembeni ya mlango wangu. Chini ya nyumba yake anafuga nguruwe. Mtu wa namna hiyo atakufundisha nini kuhusu kula? Kwao jani lolote ambalo ng'ombe hakulimaliza ni mboga.

Mimi nimesoma gazeti la akina mama, na nimemuuliza mke wa daktari anayekaa mkabala nasi. Usile spinachi, inaweka mawe tumboni. Usile majani ya haradali, ni makali, yatamchoma mtoto. Majani ya uwatu yanaleta uchungu kabla ya wakati wake. Mchicha unachafua damu. Na yale majani machachu unayotia kwenye mchuzi wa samaki, acha kabisa. Najua unayapenda. Acha.

Mama mkwe wako asijue kwamba nimekuandikia haya, atajitia kubisha na atakutia maneno. Wewe nitii kimya kimya. Siku ulipoondoka hapa uliniambia hutanivunja moyo, na mimi nilikuamini.

Mama yako,
Bhanumati Barua


Namdang, karibu na Sivasagar
21 Mei 1978

Mkamwana wangu Kunjalata,

Lohit ameniandikia kwamba u mjamzito na kwamba mvua zimeanza huko kwenu milimani Bomdila. Mambo yote mawili kayaweka kwenye sentensi moja. Huyo ndiye mwanangu. Ukimwambia simama hapa, mvua itamkuta hapo hapo, naye atalowa akikusubiri umwambie aondoke.

Nimefurahi, mama. Nimekwenda nyumba ya sala kukuwashia taa, na mafuta yalipomwagika mkononi sikusikia moto.

Haya, chakula. Usile kangaga, yale machipukizi ya porini. Ncha zake zimejikunja, na mtoto atajikunja vivyo hivyo, kitovu kimzunguke shingo. Mlenda unateleza, nawe mimba imekwisha kukuteleza mara moja, usiuguse. Majani ya maboga yana vinyweleo, mtoto atatoka na upele. Majani ya magimbi yanawasha. Mlonge una joto. Haya niliambiwa na mama mkwe wangu, na yeye watoto wake walikuwa wanajaza uwanja.

Mama yako atakuwa amekwisha kukuandikia. Usimsikilize. Simsemi vibaya, ila mwanamke yule anayajua majani yakiwa yamekufa tu, yamefungwa kamba, yamenyunyiziwa maji ya mtaroni na muuza mboga ili yaonekane mabichi. Siku nilipokuja kwenu kuposa aliniuliza mbele za watu kama kwetu tunakula kwa sahani. Nikamwambia hapana, tunalamba sakafu, ndiyo maana sakafu yetu ni safi kuliko yake. Hakucheka. Mtu aliyeolewa na karani wa mahakama anadhani na yeye ni hakimu.

Haya yabaki kati yetu. Ukimwambia, ataona namfundisha kazi.

Mama mkwe wako,
Tilottama Chetia


Bomdila
5 Juni 1978

Mama,

Nimepokea barua yako na nimeielewa. Nimeacha yote uliyoyataja, hata yale machachu. Mama mkwe hajui kitu. Baridi ya huku bado inauma ingawa ninyi mnaungua na jua. Usiwe na wasiwasi, nakula vizuri.

Wako,
Moina


Bomdila
5 Juni 1978

Mama mkwe,

Nakushika miguu. Nimefanya kama ulivyoniagiza. Kangaga zinaota mpaka karibu na mlango wetu lakini nazipita kama sizioni. Mama hajaambiwa. Lohit hajambo, anafundisha hesabu mpaka sauti inakauka. Nakula vizuri.

Mkamwana wako,
Kunjalata


Guwahati
28 Juni 1978

Kwa mkwe wangu Bi Tilottama,

Natumaini u mzima pamoja na mifugo yako yote.

Nakuandikia ili kukuondolea usumbufu. Moina atajifungulia hapa Guwahati, nyumbani kwake, penye hospitali na penye maji ya bomba. Usihangaike kuandaa chumba. Najua unapenda sana kuhangaika.

Jambo la pili. Nimepata habari kwa msafiri mmoja kwamba umekuwa ukitangaza huko kijijini kuwa wewe ndiye unayesimamia chakula cha mwanangu. Watu wakikuamini, ni shauri yao. Lakini mimi na wewe tusidanganyane. Mtoto yule hali jani bila ruhusa yangu. Ninayo barua yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko huo nimemfundisha mimi.

Bhanumati Barua


Namdang
9 Julai 1978

Mkwe Bhanumati,

Mifugo hawajambo, wanakusalimu. Nguruwe mmoja amezaa majuzi bila kusoma gazeti lolote.

Umenichekesha mpaka mbavu zimeuma. Hali jani bila ruhusa yako? Mimi pia ninayo barua. Inasema anazipita kangaga zikiwa mlangoni kwa sababu nimemkataza. Basi tuseme mmoja wetu anaongopewa, na sidhani ni mimi. Mtoto wa watu anakuambia ndiyo Mama, ndiyo Mama, ili asikie kimya kidogo, halafu jikoni anafanya la maana. Nami ningekuwa mwanao ningekuongopea tangu siku ya kuota meno.

Kuhusu kujifungua, mtoto ni wa ukoo wa Chetia na atazaliwa nyumbani kwangu. Maji ya bomba yako nimeyanywa. Yana ladha ya kutu, kama mazungumzo yako.

Tilottama


Bomdila
10 Agosti 1978

Mama, na Mama mkwe,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, moja ije Guwahati na moja Namdang, pasiwe na wa kusema mwenzake kaambiwa zaidi.

Wiki iliyopita nilianguka bombani. Nilikuwa nachota maji, nikaona giza, nikazinduka nimelazwa zahanati na Lohit kasimama kichwani pangu ameshika kiatu changu kimoja. Daktari wa hapa ni mtu wa kusini, wa Kerala, sauti nzito, subira hana. Alinivuta ukope wa chini akautazama, akamwita muuguzi naye atazame, wakaangaliana.

“Mboga za majani unakula?” akaniuliza.

“Sili.”

“Huzipendi?”

“Nazipenda sana.”

“Hazipatikani?”

“Zinaota mpaka mlangoni.”

“Sasa wewe mama una akili timamu?”

Lohit ndiye aliyejibu. “Anazo, daktari. Ila ana mama wawili.”

Akatumwa nyumbani akalete barua zenu. Aliporudi alichukua chaki, akaandika kwenye ubao wa zahanati kila mboga inayouzwa soko la Bomdila. Akafuta alizozikataza Mama. Akafuta alizozikataza Mama mkwe. Ubao ukabaki mtupu. Akautazama kama mwanafunzi aliyepata jibu la ajabu, akarudia hesabu kwa kidole hewani, kisha akaniuliza, “Kunju, miezi yote hii unakula nini?”

Wali na viazi. Wakati mwingine wali na chumvi.

Daktari akazisoma barua zenu zote, na sikuweza kumzuia. Akaniuliza, “Hawa wanawake wana bustani au wana ugomvi?” Wagonjwa wakacheka. Mzee mmoja aliyevunjika mguu alicheka mpaka akalia kwa maumivu. Mimi nililala na aibu yenu nimejifunika.

Sasa sikilizeni aliyoyasema. Majani yote mliyonikataza yanalika. Yaoshwe vizuri kwa maji safi, yapikwe yaive, niyale kila siku. Kangaga ichemshwe, maji yake yamwagwe, nisiifanye chakula cha kila siku. Uwatu ukiwa mboga hauna neno. Cha kuogopa ni mizizi na magome na madawa ya mitishamba ya kunywa bila kuuliza mtu. Akamaliza. Alitumia muda mfupi kuliko mnaotumia ninyi kusalimiana. Akanipa na vidonge vya kuongeza damu, vinanisokota tumbo lakini nameza.

Kisha akamwita Lohit nje, nami nikasikia, maana sauti yake haijui kunong'ona. Alisema mwanamke asiye na damu hana ya kupoteza siku ya kuzaa. Alisema nisipoinuka kabla ya siku hiyo, Lohit atalea mtoto peke yake, au hatakuwa na wa kulea.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mama, uliniambia nitii kimya kimya. Mama mkwe, uliniambia yabaki kati yetu. Na mimi niliogopa. Ile mimba ya kwanza ilipotoka, kila mmoja wenu aliniuliza nilikula nini. Hakuna aliyeuliza naumwa wapi. Nikasema hii nyingine, ikitoka, isitoke kwa sababu ya kitu nilichotia mdomoni. Ndiyo maana niliwatii wote wawili. Laiti ningekuwa mkaidi kidogo, leo ningekuwa na damu.

Nimewasoma mnavyoandikiana. Mama, kila barua uliyopelekewa na Mama mkwe umenitumia nakala yake ili nione ubaya wake. Mama mkwe, na wewe vivyo hivyo. Mlikuwa na ushahidi mkononi, wote wawili, kwamba nawatii wote wawili. Mkaona ni afadhali mniite mwongo kuliko kila mmoja kukubali kwamba mwenzake naye anasikilizwa. Wanawake wazima, wenye mvi! Watoto wa darasa la Lohit wanagombania chaki kwa heshima kuliko hiyo.

Kuanzia leo barua zenu sizisomi mpaka nijifungue, na nitajifungulia hapa hapa Bomdila. Lohit atazifungua, atanipa salamu, mengine atabaki nayo. Habari za mtoto tumboni zitakwenda kwa Mama peke yake. Habari zangu mimi, damu yangu na afya yangu, zitakwenda kwa Mama mkwe peke yake. Mama, ukitaka kujua kama mwanao anapona, muulize mkwe wako. Mama mkwe, ukitaka kujua kama mjukuu wako anacheza, muulize mkwe wako. Lohit amekubali sharti hili, na Lohit mnamjua.

Leo mchana nimekula haradali bakuli zima. Nililia nikila.

Kunjalata


Guwahati
24 Agosti 1978

Bi Tilottama,

Sikuandikii kwa kupenda. Ningeweza kuipata habari hii kwa mwingine yeyote, hata kwa dereva wa lori, ningempitia yeye.

Barua ya Moina umeipata, najua. Aibu uliyotutia ni kubwa. Kangaga imejikunja na mtoto atajikunja! Daktari wa watu amesoma hayo mbele ya wagonjwa, na mimi, mke wa marehemu Bwana Barua, jina langu likasomwa pamoja na lako kwa pumzi moja.

Nimepata mistari kutoka kwake. Ni ya mtoto tu, kama alivyotishia. Juu yake mwenyewe hakuna neno hata moja. Nimeigeuza karatasi, nimeinua kwenye mwanga. Nakuomba, na neno hili limenikwama kooni kabla ya kutoka, uniambie damu yake ikoje.

Bhanumati Barua


Namdang
5 Septemba 1978

Mkwe Bhanumati,

Neno lilikukwama kooni? Pole. Kunywa maji ya bomba.

Habari ninazo. Nimezikunja, nimeziweka kwenye kikebe cha tambuu. Lakini wewe unaniandikia aibu niliyokutia, kama vile spinachi inaweka mawe ni maneno ya kutoka mbinguni. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke amezaa jiwe. Mtoto kakosa kangaga kwa ajili yangu, sawa, nakubali. Na haradali je? Haradali inaota kila uwanja katika nchi hii, wanawake wameila tangu enzi za wafalme, na wewe gazeti lako likaiona ni moto! Mimi nilimnyima mboga za porini. Wewe ulimnyima za bustanini.

Kwa hiyo tufanye biashara. Niandikie kwa mkono wako, “Haradali haina neno,” nami nitakuambia damu ikoje. Pia nataka kujua mjukuu wangu anacheza. Mwanangu ameniandikia hali ya mkamwana kwa ukamilifu kama mkaguzi wa shule, na juu ya mtoto kaandika: “Hilo si langu kukuambia.” Nimemzaa mimi, kwa uchungu, ananiambia hilo si lake.

Tilottama


Guwahati
19 Septemba 1978

Bi Tilottama,

Haradali haina neno. Umefurahi? Itie kwenye fremu uitundike juu ya zizi.

Mtoto anacheza. Anacheza sana jioni, na Moina akilala ubavu wa kushoto anapiga teke kama anadai kitu. Muuguzi ameweka sikio akasikia moyo unakwenda vizuri. Umepata na ziada ambayo hukuiomba, kwa sababu mimi nimelelewa.

Sasa damu. Halafu na wewe andika kwa mkono wako kwamba mlenda hautelezeshi mtoto. Uandike kwa herufi zinazosomeka.

B. Barua


Namdang
30 Septemba 1978

Mkwe Bhanumati,

MLENDA HAUTELEZESHI MTOTO. Zinasomeka hizo?

Damu inapanda. Si kwa haraka, lakini daktari akivuta ukope hamwiti tena muuguzi. Miguu ilivimba kidogo, imepungua. Anaweza kupanda mlima hadi sokoni bila kukaa njiani. Anakula mchicha mchana na kitu kingine jioni. Kuna siku analia bila sababu, na Lohit anamsomea majedwali ya hesabu mpaka analala. Hilo la majedwali nimekuongezea bure, usije ukasema ni ninyi watu wa mjini tu mliolelewa.

Nilisoma ile ya teke la jioni mara nyingi. Baba yake Lohit alikuwa hatulii jioni vile vile. Sikukuandikia hili ili unijibu.

Tilottama


Guwahati
16 Oktoba 1978

Bi Tilottama,

Sikujibu, maana ulisema nisijibu.

Mtoto amegeuka, kichwa kiko chini inavyotakiwa. Kitovu hakijamzunguka shingo, kwa taarifa ya wenye kangaga zao. Moina aliniuliza kama nitamfumia kitambaa cha kumfunikia mtoto, nimekwisha kuanza. Usifume chako. Najua nyuzi zenu za kijijini, zinatoa rangi.

Niambie usingizi anapata? Na ule ulimi wake, umekuwa mwekundu? Alipokuwa mdogo, akipungukiwa damu ulimi ulikuwa unapauka. Wewe hutajua. Muulize Lohit, amtazame ulimi.

Bhanumati


Namdang
2 Novemba 1978

Mkwe Bhanumati,

Nilimwandikia Lohit amtazame mkewe ulimi. Amenijibu: “Mwekundu, ila umenitukana.” Basi yu mzima.

Anapata usingizi. Daktari anasema damu sasa inatosha, haijawa ya kutamba. Siku imekaribia, kadirio ni katikati ya Desemba. Kitambaa nimekwisha kufuma tangu Agosti, nyuzi zangu mwenyewe, na kama kikitoa rangi mtoto atakuwa wa kwanza katika ukoo wako kuwa na rangi yoyote.

Nimemwambia Lohit aliache lile sharti siku ya kuzaa. Hajajibu. Labda barua imechelewa, mlima umeporomoka barabarani tena.

Tilottama


TELEGRAMU
Bomdila, 25 Novemba 1978
Kwa: Bhanumati Barua, Uzan Bazar, Guwahati

MTOTO WA KIKE AMEZALIWA LEO. MDOGO LAKINI MZIMA. LOHIT


TELEGRAMU
Bomdila, 25 Novemba 1978
Kwa: Tilottama Chetia, Namdang, Sivasagar

KUNJU ALITOKWA DAMU NYINGI. YUKO HAI. ANAKUNYWA MCHUZI. LOHIT


Guwahati
Jumapili, 26 Novemba 1978

Mkwe,

Telegramu ililetwa jana jioni posta ikiwa inafungwa, na leo ni Jumapili, hakuna wa kunifungulia. Nimegonga mpaka mlinzi akanifukuza kama kichaa.

Inasema mtoto mzima. Inasema mtoto mzima basi, haisemi kitu kingine. Majirani wamekuja na peremende kunipongeza, wamekula wao. Mke wa daktari ananiambia ni lile sharti tu, mkweo Lohit ni mtu wa sharti, angekuwa na habari mbaya angesema. Mimi namwambia mtu anayemwambia mama mtoto mzima, akanyamaza juu ya binti yake, anamwonea huruma. Wanaanza na habari njema. Hata baba yake Moina alipofia mahakamani waliniambia kwanza kwamba kofia yake wameiokota.

Bomdila nitapeleka telegramu kesho, lakini naogopa jibu likiletwa na mtu aliyevaa sare. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Habari yake unayo wewe. Kama ni mbaya unayo, kama ni nzuri unayo, imekaa kwenye kikebe chako na mimi hapa sina hata nusu ya mwanangu.

Nimekuandikia mabaya mengi. Ukitaka kuninyima, unayo haki. Mimi ningekuwa wewe, labda ningekuacha siku moja uteseke kwanza. Usifanye hivyo, Tilottama. Nitaandika lolote unalotaka. Spinachi haiweki mawe. Mchicha hauchafui damu. Yale majani machachu, alikuwa anayapenda tangu mdogo, alikuwa anayala mabichi uani nikimkimbiza, na mimi nikamwandikia acha. Kwa nini nilimwandikia acha?

Niambie tu yuko hai.

Bhanumati


TELEGRAMU
Sivasagar, 27 Novemba 1978
Kwa: Bhanumati Barua, Uzan Bazar, Guwahati

SINGOJI BARUA YAKO. BINTI YAKO YUKO HAI. DAMU NYINGI ILITOKA LAKINI ALIKUWA NAYO. ANAKUNYWA MCHUZI. LOHIT MPUMBAVU NA NIMEMZAA MIMI. NIMELALA MLANGONI PA POSTA NISIKUCHELEWESHE. SASA NIONEE HURUMA MJUKUU JE. TILOTTAMA


TELEGRAMU
Guwahati, 27 Novemba 1978
Kwa: Tilottama Chetia, Posta ya Sivasagar, asubiri hapo hapo

MSICHANA. MDOGO LAKINI MZIMA. NIMELIA KWA SAUTI POSTA MBELE ZA WATU NIMEMKUMBATIA KARANI NISIYEMJUA. YOTE KWA AJILI YAKO. SITAKUSAMEHE. BHANUMATI